Eddah Nanjala, Aliyewarudishia Watu Taka Zao

Marehemu Eddah Nanjala Ogutu alizaliwa tarehe 4 Mei 1905, ng'ambo ya mto Nzoia, Kavirondo ya Kaskazini, mtoto wa tatu wa mzee Wanyonyi na mama Nasimiyu. Kwao maji ya kunywa yalitekwa juu, ng'ombe wakanyweshwa chini yake, na nguo zikafuliwa chini zaidi. Aliyevunja mpango huo aliimbwa hadharani mpaka akaona haya. Eddah alikua akiamini kwamba hivyo ndivyo wanavyoishi watu wote wenye akili. Kisha akaja Mombasa.

Alisoma shule ya misheni tangu 1915 hadi 1922, akafuzu kufundisha watoto wadogo kusoma. Mimi mdogo wake, Ketty, ninayewasomea haya, nilikuwa mwanafunzi wake, na sikupata upendeleo wowote. Ulimi wake ulikuwa mkali tangu hapo. Wachungaji kadhaa waliuombea upoe, wakachoka wao.

Tarehe 10 Septemba 1927, huko Kisumu, alifunga ndoa na Joab Ogutu wa reli. Wabukusu walinuna upande mmoja na Wajaluo upande wa pili, mpaka chakula kilipoletwa. Mwaka 1931 Joab alihamishiwa bohari ya reli Kilindini, wakapewa nyumba Makupa, na dirisha la jikoni likawa linatazama hori, ule mkono wa bahari wenye mikoko. Joab ni mtu wa maneno machache. Marehemu alikuwa akisema alimkubali kwa sababu hiyo, maana nyumba moja haihitaji wasemaji wawili.

Alifundisha watoto hapa kanisani mpaka mwaka 1943. Wakati huo wa vita mji ulikuwa umejaa watu, na watu wakaligeuza hori kuwa jaa. Maganda, mifupa, makopo na mafuta machafu vilimwagwa humo, na mikoko ikaanza kukauka. Wenye kufukiza udi nyumbani kila jioni walipita wameziba pua, kana kwamba uvundo ule umeletwa na wageni. Na sisi Wakristo wa bara, tunaoimba habari za mto wa uzima kila Jumapili, tulimwaga makapi yetu pale pale. Sina haja ya kutaja majina. Wengi wenu mmeketi mbele.

Eddah alianza na wanawake wawili: Mbeyu, muuza matunda wa Marikiti, na Akila Jusab wa duka la kanga, aliyetoa magunia. Kila Jumamosi walingoja maji yapwe, wakaingia topeni. Wengine wakawafuata, wa kanisani na wa Mji wa Kale, na buibui zao wamezifunga kiunoni. Walikuja na watoto na mahamri, ikawa kama matembezi.

Lakini marehemu hakukubali taka zizikwe. Alizirudisha kwa wenyewe. Mzigo uliojulikana umetoka wapi aliutia kapuni, akaubeba kichwani hadi mlangoni pa mwenyewe, akasalimu kama ilivyo desturi ya hapa, bila kuruka neno.

"Sabalkheri, bwana. Hamjambo nyumbani? Wazee wazima? Watoto je? Tunashukuru. Umesahau mzigo wako kule horini, tumekuletea."

Mtu amekwisha kuitikia salamu zote, ameshukuru Mungu mbele ya wateja wake, atakasirika vipi? Wengi walipokea mzigo wao. Akila aliwahi kumwita kwa jina la mwanawe, akamuuliza, "Mama Awino, wewe wataka watu ama wataka vita?"

"Nataka wachukue chao," alijibu.

Kufikia mwaka 1945 samaki wadogo walionekana tena, na mikoko ikatoa majani mapya. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Eddah alikwenda dirishani kuitazama. Hakuna kitu mjini humu alichokipenda kama mikoko ile.

Hori lilipoacha kunuka, ndipo likapata wapenzi. Mwaka 1946 mzee Kavumbi, karani mkuu wa ofisi ya meli na mzee wa kanisa hili, aliunda Kamati ya Kulihifadhi Hori. Walikuja na viti, santuri na mpiga picha. Walihutubiana. Sijapata kuona watu wanaolipenda tope namna ile bila kuvua viatu.

Mwaka uliofuata Kamati iliona kwamba wahifadhi wanachomwa na jua. Wakaamua kujenga banda la kupumzikia, na boriti wakazikata pale pale. Walikata mikoko ili wapate pa kukaa wakiitazama mikoko. Nimejaribu kuliandika jambo hilo kwa namna ambayo halitaonekana la kijinga, nikashindwa. Banda lilifunguliwa Jumamosi tarehe 23 Agosti 1947, kwa sala na soda.

Siku hiyo nilimwona dada yangu akilia, na sikuwa nimemwona akilia hata tulipomzika mama. Alipokwenda kulalamika, mzee Kavumbi alimwambia, "Mama Awino, mambo haya yana utaratibu wake."

"Hata mimi ninao wangu," akasema.

Jumatatu wanawake walilibomoa banda. Walipita Makadara mchana kweupe, boriti vichwani, Eddah mbele. Walipofika kwa mzee Kavumbi, Eddah alimwamkia mke wa mzee, akamwuliza hali ya kila aliyemo nyumbani, hata ya kuku, kisha akasema, "Bwana alisahau boriti zake horini." Wakazipanga barazani hadi mlango ukawa haufunguki wote. Jioni ile ile wakarudi kuchomeka miche palipobaki visiki.

Kuanzia Oktoba 1948 marehemu aliugua figo. Wapo wanaosema tope ndilo lililomwua. Hao ni wale ambao tope haliwajui. Alilazwa Januari, na Joab alikuwa akimwendea kila atokapo kazini, akamweleza miche imefika wapi. Mzee Kavumbi naye alikwenda, akiwa na habari njema: Kamati itajenga banda kubwa zaidi, nalo litaitwa kwa jina la Eddah. Marehemu alimsalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, ndipo akamjibu.

"Jina langu likiandikwa pale, wanawake watakurudishia banda. Na mimi nitakuja nalo."

Aliaga dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 17 Machi 1949, Joab akiwa amemshika mkono. Nimempenda na nimemwogopa maisha yangu yote, na sasa sijui nimwogope nani.

Jana, matangani, mzee Kavumbi alilirudia jambo la banda. Watu walitikisa vichwa kukubali, maana anayesifiwa hawezi tena kujibu. Joab hakuwa amesema neno tangu Alhamisi. Aliweka kikombe chini.

"Mzee," akasema, "njia ya kwako tunaijua."

Marehemu ameacha mume, Joab, watoto, Awino na Ochola, wajukuu, mimi mdogo wake, na Akila na Mbeyu, wasiozaliwa naye ila walioshinda naye topeni kuliko ndugu wa damu. Ameacha pia mikoko midogo isiyofika kiunoni, ambayo haihitaji kivuli cha mtu.

Mashada mliyoleta ni mazuri. Yatakayokutwa horini yatarudishwa kwa wenyewe, kwa salamu kamili.

Eddah apumzike kwa amani. Sisi wengine bado: maji yanakupwa alasiri hii, na magunia yako mlangoni.