Mama Twende na Mgonjwa Asiyeumwa

Ndugu na jamaa mliokuwa mbali mmeomba niwaandikie historia ya dada yetu kama nilivyoisoma siku ya kumuaga, nami natii, ila itabidi mnivumilie nianze na aibu, maana jengo lile la kuagia marehemu lina kumbi mbili zinazotazamana, na mimi niliyezunguka dunia kwenye majiko ya meli za mizigo nikarudi salama, nilipotea kwenye korido. Niliingia ukumbi wa kushoto, nikapiga magoti mbele ya jeneza, nikalia kwa sauti, nikamkumbatia bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele na kumweleza jinsi dada alivyonilea kama mama, mpaka yule bibi akaninong'oneza, "Baba, pole sana, lakini huyu wetu ni mwanamume." Nilipoinua uso nikamwona mpwa wangu, binti wa mwisho wa marehemu, amesimama mlangoni. "Mjomba, inuka, sisi tuko upande wa pili," akasema, akanishika mkono akanivusha, na watu wa pande zote mbili wakaangalia chini ili wasicheke msibani. Ndipo nikakabidhiwa kipaza sauti, nikasoma hivi.

Ndugu waombolezaji, mama zetu na baba zetu, na ninyi majirani mliokesha nasi, dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe kumi na nne Machi mwaka 1961, akiwa mtoto wa kwanza wa mlinzi wa ghala la nafaka na mshonaji wa nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala hilo, ambamo mimi, kitinda mimba, nilimkuta akiwa na umri wa miaka saba, nikapanda mgongoni mwake na sikushuka mapema, jambo alilolitumia kunitawala maisha yake yote, kwa kuwa hakuna mwanamume mwenye mvi anayeweza kubishana na mtu aliyewahi kumbadilisha nepi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwezi Novemba 1978 kwa alama nzuri na bila rafiki hata mmoja, maana ninyi mliomfahamu ukubwani hamtaniamini, lakini dada yetu alikuwa na haya ya ajabu, haya ya kumfanya azunguke nyuma ya nyumba asipishane na mtu njiani, na mgeni akipiga hodi yeye alijibu kwa sauti nyembamba kutoka jikoni, "Hakuna mtu," kisha akashangaa mgeni haondoki.

Kuhusu kazi, marehemu alitafuta ajira kuanzia Januari 1979, na kila ofisi ilimpokea vizuri, ikasoma vyeti vyake, ikamuuliza uzoefu wake, naye akatazama viatu vyake na kurudi nyumbani, hadi jioni moja baba akauliza, "Huo uzoefu unauzwa duka gani, tukamnunulie kilo moja?" Aliyejibu ni jirani yetu, muuguzi mkuu wa hospitali kubwa, aliyekuwa amekuja kuchukua gauni lake kwa mama, akasema uzoefu hauuzwi, ila pale hospitalini wana kikundi cha watu wanaojitolea kuwapeleka wagonjwa kutoka mlangoni hadi vyumba vya matibabu, kwa zamu, hawalipwi ila chai, na kama binti ana miguu miwili basi sifa anazo. Baba alisema kazi isiyo na mshahara ni aina ya homa, itapoa. Mama akamshonea aproni ya buluu.

Tarehe nne Februari 1980, siku yake ya kwanza, muuguzi mkuu alimwambia amchukue mgonjwa aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu pale barazani, ampeleke chumba cha eksirei, na marehemu, kwa kuogopa kumtazama mtu usoni, alitazama magurudumu tu, akashika vipini, akasukuma. Barazani siku hiyo palikuwa na viti viwili. Kwenye kimoja alikaa mzee aliyevunjika mguu, na kwenye kingine alikaa fundi wa hospitali, kijana mzima kabisa, aliyekuwa amekijaribu kiti ili asikie gurudumu lipi linapiga kelele, na kwa bahati mbaya, au nzuri, kwa kuwa watoto watatu wako hapa leo, fundi huyo alikuwa na haya kumshinda hata dada yetu, hivyo alisukumwa korido nzima, akapita famasi, akapita maabara, amekumbatia boksi la spana kifuani kimya kama aliyekubali matokeo, mpaka mtaalamu wa eksirei akamwambia vua shati, naye akavua, akaulizwa anaumwa wapi, akajibu, "Mimi siumwi. Linaloumwa ni gurudumu la kushoto." Huku nyuma yule mzee alisikika jengo zima akiuliza, "Na mimi nitapelekwa lini, au leo mnaanza na wazima?"

Dada yetu alilia siku hiyo, akavua aproni, akasema harudi tena, lakini wenzake wa zamu, akiwemo mwalimu mstaafu aliyekuwa msimamizi wao, walimkalisha kwenye benchi la nyuma ya chumba cha kufulia, wakampa chai, na mmoja baada ya mwingine wakamsimulia mgonjwa aliyempoteza yeye kwenye korido, mpaka dada akacheka, na mama alisema hiyo ndiyo siku binti yake aliporudi nyumbani akiwa na hadithi, na tangu siku hiyo tukawa na kazi ya kumnyamazisha. Kutokana na kosa lile akajiwekea utaratibu ambao baadaye ukawa wa kikundi kizima, kwamba hushiki kiti kabla hujamtazama mtu usoni, ukamwuliza jina lake na anakokwenda, na akishakujibu humwonyeshi njia kwa kidole, unamwambia "twende", mnakwenda, kwa maana kidole hakijawahi kumfikisha mgonjwa popote. Ndiyo asili ya jina ambalo wengi wenu hamjui kama ana jingine, Mama Twende.

Aliendelea kujitolea hadi Juni 1983, ilipotangazwa nafasi ya mapokezi, na wakubwa walipouliza uzoefu, daktari mmoja mgeni alijibu kwamba yeye mwenyewe anajua njia ya ofisini kwake kwa sababu ya binti huyo, basi akaajiriwa, akapanda hadi kuwa mkuu wa mapokezi, na katika miaka yote hiyo wale wa kujitolea waliendelea kuwa watu wake, wanafunzi waliotafuta pa kuanzia, wajane waliochoka kuongea na redio, na mwanajeshi mstaafu mmoja aliyesukuma wagonjwa kwa mwendo wa gwaride mpaka akaombwa apunguze. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kukubali kila kitu, maana uongozi ulipotaka wanaojitolea wafanye na usafi ili wafagiaji wa mshahara wapunguzwe, aliinuka kikaoni, yule yule wa "hakuna mtu", akasema, "Kujitolea ni mlango. Mlango ni wa kupita. Mtu ukimsimamisha mlangoni miaka nenda rudi, umeshamfanya nguzo." Hawakupunguzwa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe nane Septemba 1984 na yule mgonjwa asiyeumwa, shemeji yetu huyu hapa, ambaye baada ya lile tukio la eksirei alianza kukuta viti vya barazani vimeharibika kila siku ya zamu ya dada, na wakabarikiwa watoto watatu, wa kiume wawili waliozaliwa 1986 na 1990, na binti aliyezaliwa Desemba 1999, wakati ambapo wazazi wake walishagawa nguo zote za watoto. Alistaafu Machi 2021, siku ya Ijumaa, na Jumatatu yake akavaa tena aproni ya buluu, shemeji akamwuliza amesahau nini huko, akamjibu, "Watu."

Ugonjwa wa figo ulianza Oktoba 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ile ile, na sasa yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti na binti yake ndiye aliyesukuma. Hapa naomba niseme jambo ambalo ndugu walinishauri niliruke. Binti huyu alimaliza chuo mwaka 2022, masomo ya uhasibu, akaomba kazi kila mahali, akaulizwa lile swali la uzoefu, wenzake wakapata yeye akakosa, akaacha kupokea simu zao, akafunga pazia la chumba chake, akawa anatoka kwa sababu ya dawa za mama tu, na mama yake alipomwambia waende wote kwenye zamu, alijibu, "Mama, sikusoma miaka yote hiyo ili nisukume watu bure." Dada hakumgombeza, maana alilijua lile pazia, lilikuwa mlango wake wa jikoni. Ila Agosti iliyopita alinipigia simu nikiwa bandarini namenya viazi, akasema, "Mdogo wangu, kufa si neno, wote tunakwenda. Neno ni kumwacha mtoto ndani ya chumba kile. Wewe Mungu kakupa mdomo, hebu leo utumike." Nilimwahidi, nikautumia, nikapiga simu, nikahubiri, nikajibiwa "Sawa, mjomba," ile sawa ya kumfukuzia nzi. Hali ya marehemu ilibadilika mwishoni mwa Januari, akalazwa, na asubuhi ya Jumapili tarehe tisa Februari 2025 akatutoka, mume wake na binti yake wakiwa wamemshika mikono, na mimi nikiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, ambako machozi ya mtu husababisha afunguliwe begi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimvumilia mgonjwa aliyekuwa akiinuka kitandani kuwaelekeza wageni waliopotea, inawashukuru majirani kwa turubai, maji na usingizi wenu, inawashukuru watumishi wa mapokezi, na kwa namna ya pekee ninyi wa aproni za buluu mliokaa mistari miwili ya nyuma, mliomsindikiza kama alivyofundisha, bila kuonyesha kidole. Dada yangu, umewafikisha wengi, sasa umefika wewe, keti upumzike kwa amani, hakuna atakayekuuliza njia.

Hapo ndipo historia ilipoishia, na mtu mwenye busara angekunja karatasi. Mimi niliondoa miwani, nikamgeukia mpwa wangu pale mbele, nikaona kwamba nisipotimiza ahadi ya simu ile mbele ya jeneza sitaitimiza tena, nikamwambia kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia, "Mwanangu, mama yako hakuogopa kifo, aliogopa pazia lako. Kazi haijakuja, sawa, nani alisema inakuja kwa anayejificha? Hawa wa buluu si vibarua wa bure, ni watu, na wewe unahitaji watu kuliko unavyohitaji mshahara. Mbele ya mama yako, nakuomba utuambie, utatoka lini ndani ya chumba kile?"

Shemeji akaanza kukohoa, kile kikohozi chake cha kutaka kusema neno na kushindwa, na huko nyuma wale wa aproni za buluu wakatazamana, mwanajeshi mstaafu akatikisa kichwa akinionea huruma, na mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa leso. Mimi, nilivyo, nikadhani nimewagusa mioyo. Mpwa wangu akasimama taratibu, akajifunga vizuri kitambaa cheusi kichwani, akaja hadi nilipo, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Mjomba, kaa chini tumzike mama," akasema. "Kesho asubuhi nina zamu."