Nakala Tatu za Fundi Lenzi

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na wateja wa marehemu, kabla historia hii haijaanza familia inawaomba jambo moja, kwamba ratiba mliyopewa mlangoni ina ukurasa wa mwisho ulioshonwa kwa uzi mwekundu, na wengine tunawaona mmeshaanza kuuchokonoa kwa kucha, tafadhalini uacheni mpaka mtakapoambiwa, kwa sababu mjane wa marehemu ameshona ratiba mia nne kwa siku mbili na hakuzishona kwa mapambo. Historia hii imeandikwa na dada yake mkubwa, ndiye anayeisoma, na sauti yake ikipanda mahali mtamvumilia, maana hana nia ya kuishusha.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Lenzi na hamkuwahi kulijua jingine, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi redio na mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo kimoja kilikuwa cha watu na kingine cha redio za watu. Alipofika miaka saba alifungua redio ya mteja baba akiwa ametoka, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mkononi, na baba aliporudi alimchapa kwa waya wa redio hiyohiyo mpaka mgongo ukachanika, kisha akaiwasha redio akakuta inasema vizuri kuliko ilivyoletwa, na mtoto alipomweleza kwamba skrubu ile haikuwa na kazi tangu mwanzo, akachapwa mara ya pili kwa kujibu. Baba naye ametangulia, na alilijutia hilo mpaka mwisho, ila dada yake alikuwepo siku ile na anakumbuka kwamba mtoto hakulia kwa kipigo, alilia kwa kuwa hakuna aliyetaka kuiangalia ile skrubu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari mwaka 1994 hadi 1997, na huko, tarehe 8 Agosti 1996, alimwambia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa zima kwamba kikokotoo chake kimeisha betri na ndiyo maana majibu ya ubaoni hayana kichwa wala miguu, mwalimu akamshukia kwa kofi lililomwangusha chini ya dawati, damu ikatoka sikioni ikashuka hadi kwenye kola, na tangu siku hiyo sikio la kushoto halikusikia tena. Mwalimu alihamishwa, kikokotoo kikawekewa betri, sikio likabaki vilevile. Tunawaomba mlikumbuke sikio hilo, kwa kuwa tutalirudia.

Mwaka 1998 alipokewa katika studio ya mpiga picha mmoja mzee, ambaye yupo nasi hapa na ametuomba tusimtaje kwa sifa, akajifunza kusafisha picha gizani kwa dawa zilizokuwa zikimchubua vidole, na tarehe 1 Februari 2004 akafungua duka lake mwenyewe, mlango namba tisa, katika safu ya maduka inayotazamana na lango la kiwanda cha mbao, akitengeneza simu, kamera na kompyuta na kupiga picha za vitambulisho. Dukani humo mkewe naye aliweka cherehani yake, upande wa kushoto wa meza ya marehemu, na wote mliowahi kuingia mnajua kwamba ulipeleka simu moja ukatoka na maoni kumi. Alisema megapikseli nyingi nyuma ya lenzi chafu ni kumvisha kipofu miwani. Alisema aliyebuni betri ya kugandishwa kwa gundi naye agandishwe, akae hivyo miaka miwili, halafu aulizwe anajisikiaje. Aliwahi kumfukuza mteja kwa kuinua nyundo, kisa mteja kasema picha ikiwa mbaya itarekebishwa na programu, na aliwahi kuipigiza ukutani simu yake mwenyewe kwa sababu apu ya tochi ilimwomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, akawa anaipigia kelele vipande vikiwa sakafuni kwamba tochi inataka majina ya dada zangu ya nini. Tarehe 17 Mei 2011 betri iliyovimba ilimlipukia usoni, ikamuunguza kidevu na shingo, naye kabla hajakubali kupelekwa hospitali alichukua kalamu akaandika aina ya betri hiyo ukutani ili wengine wajihadhari, maandishi mnayoyajua, yenye alama ya kidole cha damu pembeni.

Lakini neno alilolirudia kuliko yote, tukamchoka nalo nyumbani, lilikuwa kwamba picha isiyo na nakala tatu haijapigwa, moja mkononi, moja kazini, na ya tatu mahali ambapo hata wewe ukipigwa huwezi kuifikia. Tulidhani anaongea kwa kutia chumvi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Septemba 2006 na mshonaji aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho akamwambia kwamba huyo kwenye picha siye yeye, akapigwa tena, akakataa tena, mpaka ya saba, na marehemu alikuwa akisema kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kumshinda kwenye kazi yake mwenyewe. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 2008 na kitinda mimba mwaka 2012, ambao wamekaa hapa mbele, na aliyewafundisha kutazama jambo bila kufumba macho ni baba yao.

Sasa tunafika mahali ambapo historia za namna hii husema marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi. Marehemu hakuumwa. Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, alikuwa amesimama mlangoni kwake akijaribu lenzi ndefu iliyoletwa na mteja, akitafuta kama ina ukungu ndani, akaielekeza kwenye lango la kiwanda kwa sababu lilikuwa na mwanga mzuri, na mbele ya lango alikuwa amesimama mpasua mbao mmoja, akidai kwamba mwenzake aliyekatwa mkono na msumeno apelekwe hospitali badala ya kufungwa matambara. Walinzi watatu pamoja na msimamizi wa lango walimpiga mpasua mbao huyo kwa mbao, kwanza miguuni, akakaa, kisha mabegani, akalala, kisha kichwani, na marehemu akapiga picha ishirini na saba kabla hajapaza sauti kwamba wamwache. Walivuka barabara wakamjia yeye. Msimamizi alimvunja mfupa wa bega kwa ubao uliokuwa bado na damu ya mpasua mbao, akaiponda lenzi kwa buti, akamwamuru azifute zile picha moja moja mbele ya macho yake huku akihesabu kwa sauti, na marehemu akafuta, akihesabu, mpaka ishirini na saba. Mpasua mbao alikufa kesho yake, kiwanda kikasema ameangukiwa na magogo.

Wateja wa marehemu mnajua alichokuwa akisema kuhusu kufuta, kwamba ni kuchana ukurasa wa yaliyomo tu, kitabu chenyewe bado kipo, na walipoondoka aliitoa memori kadi bila kupiga picha nyingine hata moja juu yake, akaketi kwenye kompyuta akiwa amefungwa bega kwa khanga ya mkewe, na kabla ya chakula cha mchana picha zote ishirini na saba zilikuwa zimerudi. Ijumaa tarehe 7 Juni alipeleka nakala ya kwanza kituo cha polisi, akaambiwa itashughulikiwa, na mpaka leo tunapoandika haya haijulikani ilipo. Nakala ya pili aliiweka dukani. Ya tatu hakumwambia mtu, hata mkewe, hata dada yake.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na hapa dada yake anasoma kwa hasira, hasira juu ya ndugu yake pia. Alhamisi tarehe 20 Juni aliingia mteja mpole, kashika simu kwa mikono miwili, akasema amefuta kwa bahati mbaya picha za mahafali ya binti yake, je, picha iliyofutwa inaweza kurudi. Mtu mwingine angesema acha simu, rudi kesho. Marehemu alimvutia kiti, akamweleza karibu saa nzima, akamwonyesha kwenye kompyuta kadi iliyofutwa ikijaa tena, na alipoona mteja hajaamini, akasema kwa kujivuna, maneno ambayo mkewe aliyasikia, "Hata ukinisimamia nikafuta mbele ya macho yako, mimi nazirudisha." Mkewe alikuwa ameshamtambua mteja huyo kuwa ni shemeji wa msimamizi wa lango, akakohoa, akakohoa tena, akaangusha mkasi, akamwita mumewe kwa sauti ya chini, lakini alikuwa ameketi upande wa kushoto, upande wa lile sikio, na marehemu aliendelea kufundisha. Mteja alishukuru sana, akaondoka bila kuacha simu.

Jumamosi tarehe 22 Juni, saa sita mchana, jua likiwa wazi na watu wakipita, wanaume wanne waliingia mlango namba tisa wakiwa na nyundo. Walimsukuma mkewe chini wakamwangushia cherehani kifuani, wakavunja kompyuta, wakavunja kabati la kamera, kisha wakaulaza mkono wa kulia wa marehemu juu ya meza yake ya kazi na kumuuliza ziko wapi, wakavunja kidole cha kwanza, wakauliza, wakavunja cha pili, na kwenye cha tatu akawapa ile nakala ya dukani, akawaambia hakuna nyingine. Walipokwisha kuipata hawakuwa na sababu ya kumpiga tena, wakampiga taya, wakampiga kichwa, wakamvunja mkono wa kushoto na mguu mmoja, na walipotoka walitembea, hawakukimbia, mbele ya maduka kumi na manne yaliyokuwa wazi. Wenye maduka hayo mko hapa. Hatuwalaumu kwa kuogopa, ila tumeandika kwamba yalikuwa kumi na manne.

Alilazwa siku kumi na moja, taya limefungwa waya, mikono yote miwili ndani ya plasta, hawezi kusema wala kuandika, na tuliona wazi kwamba kuna jambo linamkaba kuliko maumivu, macho yanatutafuta, tunamuuliza ni nakala, anafumba kope, ndiyo, tunamuuliza iko wapi, tunataja kila mahali tunapopajua, nyumbani, kwa mzee wa studio, ndani ya cherehani, naye anabaki kutukodolea macho. Dada yake alikaa pale akifikiri kwamba ndugu yake atakufa na kitu hicho kimo ndani yake, na waliomuua watakuja msibani kutoa pole.

Jumapili tarehe 30 Juni aliletwa mama, ambaye tangu katikati ya mwezi alikuwa akimlalamikia kila aliyemtembelea kuhusu fremu ya umeme aliyozawadiwa na mwanawe, ile inayopitisha picha za familia juu ya kabati, na sisi tulikuwa tukimwitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kama mtu anayeitikia mvua. Fremu hiyo marehemu aliiita kifaa kijinga kuliko vyote duniani, hakina mtandao, hakiombi neno la siri, hakisasishwi, kinaonyesha tu ulichokipa, na kwa hiyo, alisema, ndicho pekee anachokiamini. Mama alikaa kitandani, akamshika mguu uliokuwa mzima, akamwambia kwa upole, kama anayemripoti mtoto mtundu, "Mwanangu, ile fremu yako imeharibika. Wajukuu wakishapita, inaonyesha watu wanaua mtu."

Marehemu alicheka. Waya ulikuwa umemfunga taya, machozi yakamtoka kwa maumivu, damu ikamtoka ufizini, na bado kifua kilikuwa kikiruka kwa kicheko, akainua plasta ya mkono wa kulia akaiweka kichwani kwa mama yake, na dada yake akatoka wodini mbio bila viatu. Sebuleni kwa mama, ambako marehemu alikuwa ametembelea Jumapili ya tarehe 9 Juni, tulisimama mbele ya kabati tukaona kitinda mimba akikata keki, tukaona harusi, kisha tukaona ubao umeinuliwa, na chini yake uso wa mtu akitazama juu, na nyuma ya ubao uso mwingine, mkavu, unaonekana mpaka kovu la nyusi. Alikata roho Jumatano tarehe 3 Julai 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano, akiwa ameshaambiwa kwamba tumezipata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtazama kama ndugu yao, majirani waliokesha na watoto, mafundi wenzake waliookota skrubu moja moja sakafuni dukani kwake, na mzee wa studio, aliyeiwasha mashine yake ya zamani akachapa bila kuuliza. Tunamshukuru mjane wa mpasua mbao, aliyekaa pamoja na wifi yetu katika benchi la kwanza, ambaye wakili wake amezipokea picha zote ishirini na saba jana asubuhi, na hakimu ana zake. Tunawashukuru pia waliofika kutoka kiwandani na shada la maua, msimamizi wa lango na wenzake, mlioketi safu ya nne upande wa kulia, tunaomba msisimame kwanza, kwa kuwa nanyi mmepewa ratiba kama wengine.

Ndugu waombolezaji, shikeni ncha ya uzi mwekundu, vuteni, utatoka wote mara moja, mshonaji aliushona uwe hivyo. Hiyo ni picha ya kumi na tisa. Mtazame aliyeinua ubao, kisha mtazame safu ya nne, na mkimaliza kila mtu aende na nakala yake nyumbani aiweke mahali ambapo hata akipigwa hawezi kuifikia.

Fundi Lenzi, ulituambia tatu, tumechapa mia nne. Pumzika sasa, mdogo wetu, kwa amani uliyoinunua kwa vidole vitatu.