Matanga ya Nchi Zilizokufa, Jikoni kwa Rimma

"Nani amekufa humo ndani?" Zoya aliupiga mlango kwa ngumi.

"Chekoslovakia, jirani," Rimma akajibu. "Wiki ijayo Yugoslavia. Karibu."

"Unawafundisha watoto wa watu ulevi, halafu unaita siasa!"

"Naita siasa, historia na chakula, mama. Vyote sufuria moja."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Rimma Stanislavovna tunayemkumbuka leo. Mwalimu wa siasa za Urusi na Waslavi chuoni, hapa hapa Voronezh. Mchana wanafunzi walisoma katiba. Jioni walijazana jikoni kwake, wakapika ngano kwa asali, wakasimama kimya, wakanywa bila kugonganisha bilauri, kama tufanyavyo msibani. Kisha kila mmoja aliulizwa: nchi hii iliuawa na nini, na nani bado anailia?

Ikafika zamu ya Muungano wa Kisovieti. Zoya, jirani wa upande wa pili wa ukuta, alisikia ukitajwa, halafu kimya. Hakuna bilauri iliyogongana. Zoya alizeekea kiwandani. Kwake Muungano ule ulikuwa umelala tu. Asubuhi alikwenda chuoni. "Anatufanyia mzaha," alisema. "Anatuzika tungali hai."

Mzaha gani, wasikilizaji? Mume wa Rimma, Gleb, alikuwepo. "Rimma mwenyewe alilia hadi akashindwa kumimina," anasema.

Chuo hakikuuliza. Somo lake likavunjwa: siasa ikahamishiwa jengo moja, historia jengo jingine, utamaduni ukafutwa. Rimma akastaafishwa. Narudia: akastaafishwa, kwa sababu ya maneno yaliyosikika kupitia ukuta. Wanafunzi wake wakikutana naye sokoni, ghafla wote walikuwa na haraka.

"Hakuugua," anasema Gleb. "Alinyamaza. Rimma, mpenda watu yule! Aliponyamaza nilijua ameshaondoka."

Alifariki mwezi Machi. Siku ya arobaini Gleb aliazima viti ghorofa nzima, akakaanga chapati za maji tangu alfajiri. Habari walizipata wote. Mwanafunzi hakuja hata mmoja.

Mlango ukagongwa. Gleb akakimbia kufungua. Ni Zoya, na mkate wake wa kabichi.

"Umekuja usikilize kwa karibu?"

"Usinichambe, Gleb. Nimemlilia."

"Uliulilia Muungano wako. Huyu ulimmaliza."

Zoya alibaki kizingitini na mkate wake. Hakuondoka.

Kwetu, anayekuja kumkumbuka marehemu siku ya arobaini hafukuzwi. Desturi hiyo Rimma aliifundisha mwaka hadi mwaka, na Gleb aliijua kuliko alivyotaka kuijua saa ile. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa.

Kwako Gleb, pole sana, baba. Pole kwa ndugu wote wa marehemu. Na ninyi mliokula jikoni kwake, mkapata shahada, mkapata vyeo: leo, kabla hamjalala, jiulizeni mliogopa nini.

Gleb aligeuka akavitazama vile viti. Akamtazama Zoya.

"Ingia ule," akasema. "Hakuna mwingine."