Vikombe vya Kumu Tihomir

Wanangu, iwekeni hiyo supu kando kwanza mnipe masikio, kwa maana mimi baba yenu Radisav, fundi wa magari niliyewachapa kwa plamu moja mliyoiba kwa jirani, nilimwibia kumu wangu.

Usicheke, Vukašin. Kumu si kifungo cha shati, kikikatika ukashona kingine. Tihomir alisimama shahidi nilipomwoa mama yenu, akawashika ninyi wawili kwenye maji ya ubatizo, na wewe Desanka ukamkojolea suti ya harusi. Ukimwibia mtu wa namna hiyo, umeiba madhabahuni.

Mnazijua mbio za magari za kupanda mlima, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Petro. Miaka miwili mfululizo alinishinda, na kila mara alinipiga bega mbele ya watu: "Pole, kumu, gari lako wewe endelea kulibebea kabichi." Mwaka wa tatu akaniletea gereji vikombe vipya vya shokapu. Kikombe ni kile kilicho chini ya boneti, kinachoshika kichwa cha shokapu. Cha kiwandani kina mpira ndani, ila hivi vyake vilikuwa vya chuma, vina gololi kubwa katikati na matundu marefu ya kulazia gurudumu upande. Mpira hunyumbuka, gari likachelewa kukuelewa kwenye kona, chuma hakisubiri. Alikuwa ameviagiza mbali, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mkate wa sikukuu ya ukoo, akasema, "Nifungie, kumu." Nikavifunga. Kwenye gari langu.

Kwenye gari lake nikarudisha vilevile vya mpira, nikavipaka rangi ya fedha, juu nikaweka bamba la bati lenye boliti nne za kupendeza zisizoshika kitu. Hakukagua. Kwetu kumu hakaguliwi. Kufunua boneti nyuma ya mgongo wa kumu wako ni kumtemea mate. Siku ya mbio nilimpita kwa sekunde nne, naye akashuka akanikumbatia: "Umeniponya, kumu! Linakata kona kama wembe!" Sekunde nne nyuma yangu, wanangu, na bado ni wembe.

Lakini Mungu si Athumani, na adhabu yake haikukawia. Chuma hakina huruma barabarani. Kila jiwe, ko-ko-ko, kila Jumapili nikipanda kwenda kanisani, kijiji kizima kikisikia dhambi yangu inabisha hodi, na mama yenu, Mungu amrehemu, ameshika meno yake ya bandia kwa kiganja. Tihomir, niliyemwambia kuwa nami nimenunua kama vyake, alikuwa akinipita polepole, dirisha wazi: "Kumu, hivyo vyako feki! Umepigwa! Vyangu ndivyo chuma, sikiliza, kimya kama kaburi!" Mpira ulipochakaa nilimbadilishia kwa siri alipoleta gari kumwaga oili, nikapaka rangi upya, mara tisa katika miaka kumi na tisa. Naye akatangaza sokoni kwamba chuma kizuri hakichakai. Watu watatu walimwamini wakanunua vya kweli, na migongo yao mmeiona.

Nilimwungamia padri Gavrilo. Alijifuta uso na ndevu zake kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika, kisha akasema, "Mungu amesikia, Radisav. Bado Tihomir." Miaka kumi na mmoja imepita tangu siku hiyo. Kila siku ya Mtakatifu Nikola, sikukuu ya ukoo wetu, tuliumega mkate pamoja, maneno yakanifika hapa kooni, nikayarudisha chini kwa glasi ya rakija.

Sasa gari ni lenu, wote wawili, na nawasikia jikoni mnavyovutana mkidhani nimelala. Desanka anataka vya chuma vibaki, kwa ajili ya uwanja wa mbio. Vukašin ana watoto wa shule na mke anayeumwa mgongo. Sikilizeni fundi. Mpira laini ni wa mtu anayetafuta usingizi. Chuma ni cha gari linalofikishwa uwanjani juu ya trela. La kwenu litakwenda kwa magurudumu yake, lirudi kwa magurudumu yake, na Jumatatu lipeleke watoto. Basi chukueni vya mpira mgumu, vyenye beringi nzuri ili usukani usikwame, na matundu ya kulazia gurudumu. Pigeni alama mbili za rangi, ya barabarani na ya uwanjani, na kila mkihamisha, mpime upya magurudumu yanavyotazama mbele, la sivyo tairi zitaliwa kama mkate. Badilisheni pande zote mbili siku moja. Pimeni kiti cha springi kabla ya kununua, wala msinunue kwa kung'aa. Kung'aa nakujua mimi. Na mtu akiwaambia vyake vya chuma havigongi, muulizeni nani alimfungia.

Vile vya chuma vifungueni, mvioshe, mvifunge kwa kitambaa cheupe. Vina mwenyewe.

Nipe maji kidogo... Asante, binti yangu.

Jana niliwaza mumwambie mkishanizika. Kisha nikajiona: mzee mzima, hata kaburini anataka kujificha nyuma ya watoto wake. Kwa hiyo asubuhi nimemwomba padri amwite. Akinipiga, msimshike. Akiondoka bila kunena, mwaka huu mkate wa Mtakatifu Nikola mpelekeeni nyumbani kwake, na mwaka unaofuata, na unaofuata, mpaka afungue.

Pumzi inaniishia... njooni karibu. Mungu awape mikono isiyotetemeka na ndimi zisizochelewa kama ulimi wangu. Msigawane gari, gawaneni siku. Mpendane, hata... hata mmoja akimshinda mwenzake.

Nyamazeni. Mbwa amebweka. Gari limeingia uani, limepita juu ya mawe yote, na hamkusikia kitu, si ndiyo? Basi ni yeye.

Desanka, kamfungulie mlango.