Mama Kanyere na Shu za Kichina za Bonde la Bigo

Mama Priscille Kanyere, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Musienene, Lubero, tarehe 3 Juni 1956. Alikuwa binti wa pili wa muzee Katsuva na mama Marie-Claire.

Alisoma shule ya msingi palepale Musienene, kisha akapelekwa kujifunza kushona. Kushona hakukumwingia. Alirudi kwenye bustani ya mama yake, na wazazi wakaacha kumsumbua.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Rémy Kamate, seremala. Mwaka uleule walihamia Bunia, mtaani, kartie ya Bigo, na Mungu akawapa watoto watatu.

Kazi yake ilikuwa mboga. Alianza na lengalenga, yaani mchicha, lakini iliyompa jina ni shu ya Kichina, kabichi ya majani marefu, aliyoipanda mara ya kwanza mwaka 1986 katika bonde alilokodi. Msimu ule jua lilikuwa kali na maji kidogo. Alingoja shu zifunge vichwa. Zikarefuka na kutoa maua ya njano. Baba Rémy aliyakata, akamletea mezani, akisema siku ya harusi hakuwa na uwezo wa kununua maua. Mama aliyaweka kwenye glasi hadi jioni, halafu akayakaanga na kitunguu, wakala. Tangu hapo alimwagilia asubuhi na jioni, na kila msimu aliacha mimea michache ichanue kwa ajili ya mbegu.

Alichuma majani ya nje kwanza ili moyo uendelee kukua. Yaliyotobolewa na wadudu yalikwenda kwa sungura. Aliuza mpaka Iga Barrière, kwa watu wa machimbo, na kila mteja alifundishwa kuipika shu na nyanya na ndakala, wale dagaa wakavu, kwa bugali. "Moto kidogo tu," aliwaambia. "Acha meno ipate kazi."

Mwaka 2002 vita vilimleta kwetu mkimbizi aitwaye Espérance kutoka Bambu, na watoto wake, bila hata sufuria. Hakuwa wa kabila letu. Mama alimgawia nusu ya bonde.

Mei 2003, mapigano yalipoingia mjini, vijana wenye bunduki walishuka bondeni wakamwamuru mama amfukuze Espérance, kwa sababu watu wake ni adui. Mama alikuwa ameshika ndoo ya maji. Hakuiweka chini.

"Hii shamba tunalima siye wawili," aliwaambia. "Kama munamufukuza yeye, munanifukuza na miye."

Mkubwa wao aliwaambia wenzake wang'oe shu zote, wakajaza magunia, wakaenda. Espérance ndiye aliyetusimulia hayo, na kwamba baadaye mama alikaa palepale kwenye matope. Mama mwenyewe hakuyataja kamwe.

Wiki ileile familia zote mbili zilikimbilia kwenye mahema karibu na uwanja wa ndege. Mama alibeba mbegu, amezifunga kwenye pembe ya kikwembe, kitenge chake. Yeye na Espérance walijaza udongo katika magunia makuukuu, wakapanda mbele ya mahema. Kabla Juni haijaisha walichuma majani ya kwanza, na watoto waliokuwa wakila mahindi na maharagwe tu wakapata mboga. Wanawake wa kila upande walikuja kuomba miche, na mama aliwapa. Wengi mlio hapa mlikula shu zile.

Mwanzoni mwa 2004 alipatikana na ugonjwa wa figo. Hospitalini aliletewa shu iliyopikwa na binti yake Fanny. Alionja, akasema chumvi imezidi, akamaliza sahani. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2004, Baba Rémy na Espérance wakiwa kando yake.

Anaacha mume wake, watoto wake Delphin, Fanny na Osée, wajukuu wanne, na dada yake Espérance. Tunasema dada, na familia imekubaliana kwamba ni yeye atakayetupa udongo wa kwanza kaburini.

Mama Kanyere, pumzika katika amani ya Bwana.