Ndege ya Kumleta Mama Mkwe

Pale Kadutu, njia ya kushuka sokoni inapokata kona, kuna benchi moja la mbao ambalo wenyewe wameliita Tour, yaani mnara wa kuongozea ndege, ingawa ndege zinatua Kavumu, mbali kabisa, na ukikaa hapo huoni hata bawa. Jina lilikuja na vita. Barabara ya Shabunda ilipofungwa, mfanyabiashara akabaki hana njia ila ya angani, na watu waliozoea kubishana juu ya malori wakahamia kwenye ndege, kwa ujuzi uleule na makelele yaleyale. Mkubwa wao ni Télesphore, mtu wa Nyangezi, anayepeleka dagaa wa sambaza na sabuni Shabunda na kurudi na mafuta ya mawese. Amepanda ndege mara nyingi mpaka wamemwita Altitude, yaani kimo cha angani, jina analolipenda kuliko lile la ubatizo. Asubuhi hiyo alikaa katikati ya benchi, kikombe cha kahawa ya Maman Adélaïde mkononi, na roho imemjaa. Binti yake Joviale anaolewa Jumamosi. Bibi yake Joviale, mzaa mama, yuko Shabunda na hajawahi kupanda ndege. Kesho asubuhi Altitude anakwenda kumchukua.

— Nitamuleta na Musista, alisema. Ile haina mashaka.

Hapo Tour ndege haziitwi kwa majina yaliyoandikwa ubavuni, maana rangi na maandishi hubadilika kila zinapopata mwenye mali mpya. Watu walizibatiza wenyewe. Musista, yaani mtawa, ni ndogo, nyeupe, safi, na viti vyake vyote vinatazama mbele kama vya kanisani. Mujomba ina tumbo kubwa. Watu hukaa kwenye mabenchi mawili ya pembeni, wakitazamana magoti kwa magoti. Kizunguzungu haina kiti hata kimoja. Unakaa juu ya gunia, na mwenye bahati hupata gunia la mitumba.

— Ku Musista banajua jina yangu, Altitude aliendelea. Nikifika tu: "Bonjour, Papa Altitude, place yako ya ku dirisha iko." Niko client fidèle! Lakini Mujomba? Unaangalia mutu mu sura mpaka Shabunda. Ule mwenye iko mbele yako, unamuhesabia meno yote.

— Na mbuzi, akadakia Bascule.

Bascule, yaani mizani, ni Zagabe, mpakiaji wa mizigo kule Kavumu, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu.

— Minapakiaka Mujomba kila siku, alisema. Siku ingine mbuzi njo inapata fasi muzuri kuliko batu. Lakini ile ndege iko na nguvu! Inabeba bia, inabeba chumvi, inabeba padri, na hailalamike.

— Nguvu bila akili ni ya nini? aliuliza Parachute.

Huyu ni Hugues, mwalimu wa jiografia. Hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya paa lake, lakini katika mambo ya anga hakuna anayemnyamazisha.

— Mi ningepanda Musista sababu ya ceinture yake, ule mukanda wa kujifunga, alisema. Bazee balisema: kuku mugeni haikosake kamba ku muguu.

— Iyo methali haisemi mambo ya ceinture, Maître, Bascule alisema.

— Kuku anaruka, haruki?

— Anaruka.

— Basi.

Wakacheka, Maman Adélaïde akawaongezea kahawa. Altitude alikuwa anakunywa funda la kwanza Parachute alipomgeukia tena.

— Lakini, Altitude, mama mukwe wako utamukalisha fasi gani?

Kikombe kikasimama hewani. Kwao Altitude, mwanamume mwenye adabu hamtazami mama mkwe usoni. Hakai karibu naye, na akikutana naye njiani hupisha na kuinamisha kichwa. Altitude ameishika desturi hiyo tangu alipomuoa Madeleine, hata katika miezi hii ya vita ambapo yeye ndiye anayempelekea mama huyo sabuni na chumvi. Sasa, akimvunjia heshima kabla ya Jumamosi, mama anaweza kununa, na Joviale akaondoka nyumbani bila baraka ya bibi yake. Hilo Altitude aliliogopa kuliko askari wote wa vizuizi vya barabarani.

— Atakaa mbele, mi nyuma, alisema polepole.

— Donc utakuwa unamuangalia shingo mpaka Kavumu? Parachute alisema. Shingo si mutu?

— Basi mi nitakaa mbele.

— Umugeuzie mama mukwe mugongo! Aiii, Altitude!

— Mumuache apande Mujomba, Bascule alisema. Nitapanga magunia katikati, mpaka juu. Ukuta! Yeye upande ule, weye upande huu.

— Na ndege ikiinama?

— Magunia itaanguka ku upande wa mukwe. Ya mama, nitaifunga kamba.

— Bamufunike na kitenge, Maman Adélaïde alisema. Kama bibi harusi.

— Nani afunikwe?

— Altitude.

Altitude alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka kabla hajajizuia. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, hakuna mlio wa bunduki uliosikika tangu juzi, na binti yake alikuwa anaolewa na kijana mwenye adabu. Mtu angekasirika vipi?

— Mama akae mbele kabisa na pilote, Bascule alisema. Kule mbele hakuna sura ya mutu, iko mawingu tu.

— Hapana, Parachute akasimama. Mimepata! Ndege mbili. Mama mu Musista, Altitude mu Kizunguzungu, bapande saa ileile. Altitude akitangulia kushuka, anasimama pale ku piste, anangoja. Bazee balishaka sema: mwenye iko juu, umungojee chini!

Hata Bascule alikubali kwamba hiyo methali, kwa mara ya kwanza, imepata kazi yake.

Hapo ndipo Madeleine alipotokea, akipanda kutoka sokoni kwa haraka. Yeye si mtu wa Tour. Wanawake wa mtaa huo hupita pale wakisalimia tu. Mkononi alikuwa na kitenge kipya, bado kimekunjwa.

— Bonjour, ba papa. Papa Joviale, samahani, sikawie. Mushonaji ananingojea. Libaya, ile blauzi ya mama ya Jumamosi, anataka kuikata sasa. Mama amenenepa ao amekonda?

— Ati?

— Mama. Alipoenda Shabunda, vita haijaanza bado, alikuwa munene wa mabega. Lakini batu bamekonda sana. Weye unamuonaka kila mwezi. Nimuambie mushonaji nini?

Kila mwezi, aliporudi, mkewe alimuuliza habari za mama, naye alijibu: eko muzima, anakusalimia. Ilikuwa kweli. Sauti ya mama aliijua vizuri, na nyayo zake, na upindo wa kitenge chake pale mlangoni. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Alimtazama Bascule, Bascule akatazama thermos. Parachute, mtu wa majibu, alikuna goti.

— Sijue, Altitude alisema.

— Haujue namna gani?

— Minainamaka, Madeleine. Minaonaka miguu yake tu.

Madeleine alikunja kitenge kile mara nyingine, ingawa kilikuwa kimekunjwa tayari.

— Miguu yake iko namna gani? aliuliza kwa sauti ndogo.

Swali hilo lilimchoma Altitude. Aliona aibu, akamwonea mkewe huruma. Alikuwa ameota jinsi atakavyoshuka Kavumu, amebeba kikapu cha mama mkwe, wapakiaji wote wakimpigia makofi. Ndoto hiyo ilikuwa tamu na kuiacha kulimuuma, lakini aliiacha palepale.

— Muambie mushonaji angoje, alisema. Weye njo utaenda kesho.

— Mimi? Mu ndege? Na kasiksi, pombe ya harusi?

— Nitaichunga mimi.

— Akiichunga yeye, Jumamosi tutakunywa maji, Bascule alisema, na Maman Adélaïde akampiga begani.

— Vizuri kabisa! Parachute alipata tena sauti yake. Desturi imepona, baraka imepona. Madeleine, utakaa ku place ya dirisha ya Altitude, mu Musista.

— Hapana, Altitude alisema. Niende ku bureau ya ndege sasa ivi, niandikishe Mujomba.

Benchi zima lilimgeukia.

— Mujomba? Weye?

— Ku Musista kila mutu anaangalia kichogo ya mwenzake, alisema akisimama. Mukewangu hajaona sura ya mama yake tangu vita. Akae nayo mbele yake, magoti kwa magoti, mpaka Kavumu.