Marion Mwende, Mama wa Zamu za Wagonjwa

Marehemu Marion Mwende Mutiso alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kule Mwala, Machakos, wa tatu kati ya watoto sita. Mama yake alisema huyu alianza kuongea kabla hajatambaa, na hakuna aliyemjua anayeweza kubisha.

Alisoma huko huko Mwala, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1979, kisha akafundisha chekechea. Mwaka wa 1986 alifunga ndoa na Bwana Allan Mutiso, fundi wa redio. Hawakujaliwa watoto. Allan alifariki mwaka wa 1999, na Marion alisema kilichomshinda kabisa ni kupika chai ya kikombe kimoja.

Alikuja London Septemba 2003, akafanya kazi ya kutunza wazee miaka kumi na minane. Siku moja mzee alianguka, lawama zote zikamwendea mwenzake Léocadie, mama kutoka Bukavu ambaye alikuwa bado anangoja makaratasi yake ya ukaazi na hakuthubutu kujitetea. Marion aliingia kwenye kikao bila kuitwa, akawaambia wakubwa kwamba siku hiyo wafanyakazi walikuwa wawili kwa wazee ishirini na wawili, na kama kuna wa kufukuzwa, waanze na yeye. Léocadie akabaki kazini. Marion alipewa shifti mbaya za usiku mwaka mzima, akasema afadhali, anapata kiti kwenye basi.

Hapa kwenye ushirika wetu wa kanisa, Harrow, zamu ya kuona wagonjwa aliianzisha yeye. Kila Jumapili alituma orodha kwenye WhatsApp: nani anaenda kwa nani, nani anabeba uji. Ukijifanya hujaiona, anakupigia.

"Umesoma, umenyamaza. Sasa mgonjwa ale hizo tiki zako za bluu?"

Februari 2026 aliambiwa ana saratani ya kongosho. Hakumwambia mtu. Aliendelea kutuma orodha, na jina lake halikuwemo, kwa sababu mwandishi ni yeye. Halafu orodha ikaacha kuja. Na sisi, lazima hili lisemwe mbele yake, tulidhani hakuna mgonjwa. Wengine tulifurahia kupumzika.

Siku kumi na moja alikaa kwenye nyumba yake na simu mkononi. Alimwambia Léocadie baadaye kwamba alikuwa anaandika "naumwa", anafuta, anaandika tena, anafuta. Kuwaombea wengine alijua sana. Kujiombea mwenyewe hakujua aanzie wapi.

Aliyegundua ni jirani yake, Mzee Jaspal, mzaliwa wa Kisumu. Nyumba zao zinatumia ukuta mmoja, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa anaugonga ili Marion apunguze redio. Kulipokuwa kimya sana, akaenda kumbishia hodi, akamkuta amelala chini jikoni. Akamwita daktari. Namba zetu hakuwa nazo, kwa hiyo Jumapili alipanda basi na kilemba chake, akasimama katikati ya ibada.

"Watu wa Marion hapa ni nani?"

Tulitazamana. Halafu kanisa zima likasimama.

Kuanzia hapo hakuachwa peke yake, isipokuwa mara moja. Jumanne tarehe 12 Mei, Léocadie aliondoka saa tatu asubuhi kwenda kazini kutoka hospisi, nyumba ya wagonjwa wasiopona alikokuwa amelazwa Marion. Elinaja wa ushirika wetu, aliyekuwa anampokea zamu, alikwama kwenye treni. Ameomba mwenyewe iandikwe hivyo. Marion alifariki saa tatu na dakika ishirini.

Ameacha kaka yake Musyoka na dada yake Ann, wanaotufuata kwa simu kutoka Mwala. Léocadie, ambaye alimwita dada. Watoto wote wa ushirika waliomwita Susu, yaani bibi kwa Kikamba. Na Mzee Jaspal, aliyebaki na ukuta usio na redio. Jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya wiki hii. Anayeenda ni Elinaja, na uji anabeba Léocadie.

Pumzika kwa amani, Marion wetu. Orodha imeshatumwa.